Gita la boksi la siga: panga daraja kwanza, shingo itafuata

Mkuu, umeuliza daraja (kipande kinachobeba nyuzi juu ya boksi) likae wapi kwenye boksi la siga (zile sigara nene), na kwa nini nyuzi wazi zinatuni vizuri lakini ukibana freti ya 12 (freti ni zile fito za chuma zilizokingama kwenye shingo) sauti inapanda. Mzizi ni mmoja: ulifunga shingo kwanza, daraja likawekwa palipobaki. Fanya kinyume.

Anza na urefu wa uzi, kutoka kizingiti (kile kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi kichwani) hadi daraja. Chukua mm 648, kipimo cha magita mengi ya umeme. Sasa tia alama ya daraja kwenye kifuniko. Karibu na ukingo wa nyuma kifuniko kimeshikwa na ubao wa pembeni, hakitikisiki, na sauti inatoka nyembamba kama redio ya simu. Katikati kabisa sauti ni nene, ila kifuniko cha mm 3 kinaweza kubonyea taratibu. Theluthi moja kutoka nyuma ndipo pazuri: kwa boksi la sm 25, kama sm 8.

Kinachofuata ni kutoa tu. Daraja liko mm 170 kutoka ukingo wa mbele. 648 toa 170 ni 478. Hiyo ndiyo shingo itakayochomoza kati ya boksi na kizingiti. Ongeza sm 15 za kichwa, sm 25 za ndani ya boksi na sm 2 za mkia wa kufungia nyuzi, ubao wa sm 90 unatosha. Upana mm 38, unene mm 19, mninga uliokauka usio na fundo.

Shingo inapita ndani ya boksi mwanzo hadi mwisho. Sehemu ya ndani ipunguze mm 3, unene wa kifuniko, ili uso wa shingo nje ulingane na uso wa kifuniko. Kisha kuanzia sm 2 kutoka kila ukuta, chonga tena mm 5 kwa patasi. Wengi huruka hatua hii, kifuniko kinalala juu ya mti na gita linakuwa bubu. Zinabaki mm 11 za mti, zinazotosha nyuzi tatu. Ukitaka nne, gundisha fito chini yake.

Kabla ya gundi, vuta uzi wa fundi kutoka katikati ya kizingiti hadi katikati ya mkia. Tundu la shingo kwenye ukuta wa nyuma likienda kombo mm 1 tu, kizingiti kinahama karibu mm 2, kwa sababu nje ya boksi shingo ni ndefu karibu mara mbili ya ndani. Uzi wa pembeni utachungulia nje ya ubao wa freti, na hapo hakuna tupa itakayokusaidia.

Urefu wa daraja kwenda juu nao si wa kubahatisha. Ubao wa freti wa mm 6 na freti ya mm 1 ni mm 7 juu ya kifuniko. Ukitaka uzi uwe mm 2.5 juu ya freti ya 12 na mm 0.5 kwenye kizingiti, darajani unahitaji mm 4.5 juu ya freti. Jumla 11.5. Kibao cha mm 6 chenye bolti ya M6 (unene mm 6) juu yake kinakupa 12, na meno ya bolti yanazuia nyuzi zisiteleze. Kila mm 2 unazopunguza darajani zinashusha uzi mm 1 kwenye freti ya 12. Wa kupiga kwa slaidi (bomba linaloteleza juu ya nyuzi bila kuzibana) aache uzi juu zaidi.

Freti zote pima kutoka kizingiti, usipime freti hadi freti, makosa yatalimbikizana: ya 1 ni mm 36.4, ya 2 ni 70.7, ya 3 ni 103.1, ya 5 ni 162.5, ya 7 ni 215.5, ya 12 ni 324.

Sasa ile sauti inayopanda. Ukibana uzi unaunyoosha kidogo, kwa hiyo daraja lisikae 648 kamili. Anzia 650, upande wa uzi mnene ukirudi nyuma mm 1 au 2 zaidi. Usiligundishe, mkazo wa nyuzi unalishika. Tuni noti za G-D-G kwa nyuzi za 5, 4 na 3 za gita la kawaida, kisha gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 upate sauti ya kengele, ulinganishe na ukiubana hapo hapo. Ukibana ikawa juu, sogeza daraja nyuma. Ikawa chini, lisogeze mbele. Tuni upya kila ukisogeza.

Kama ya 12 iko sawa lakini ya 1 na ya 2 zinapanda, liache daraja: mifereji ya kizingiti iko juu mno, ichimbe kwa tupa nyembamba. Na kama ya 12 inashuka kama theluthi ya nusu toni (hatua ya freti moja), kagua kielelezo cha freti, yaani mchoro uliopimia nafasi zake. Huenda ni cha mm 635 na daraja umeliweka la 648. Basi rudisha daraja mbele kufuata freti, hata likisogea kutoka pale ulipopapanga.