Propela ikigusa ardhi, msiwashe injini tena

Pole sana ndugu yangu, na Mungu ashukuriwe mmetoka wazima. Nimekuelewa: ndege ndogo ya rafiki yako, Cessna 172, ilidunda mara tatu ikitua, gurudumu la mbele likapinda, ncha za propela zikachota changarawe, na sasa anataka zinyooshwe ili aruke Jumamosi. Mzuie! Propela ikigonga chini huku injini inazunguka, mshtuko hufika hadi kwenye krankshafti, yaani mhimili mkuu ndani ya injini unaozungusha propela, na ufa wa huko hauonekani kwa nje. Fundi wa ndege mwenye leseni aifungue injini. Gharama ni kubwa, najua, niliwahi kuilipa.

Kabla ya kuisogeza, waarifuni wachunguzi wa ajali za ndege wa serikali, pigeni picha, mjulisheni mtu wa bima. Wewe kapigwe eksirei ya mgongo hata kama maumivu ni madogo. Mimi yalinianza siku ya tatu.

Ndege ikidunda, usisukume usukani mbele, maana ndipo pua inapopiga chini. Ongeza nguvu yote ya injini, tuliza pua, panda, zunguka utue upya. Mimi nilirudia hivyo na mwalimu asubuhi nzima, tukija kutua kwa kasi ya noti 65 (kama kilomita 120 kwa saa), hadi mikono ikazoea.