Jibu: Dainamiki ya namba ni nini, na mtu anaifikiaje?

Mkuu, umeuliza dainamiki ya namba inahusu nini na mtafiti wake hupitia njia gani. Kwa ufupi, ni hesabu ya kurudiarudia kanuni moja juu ya namba na kuona zinaelekea wapi. Shika kalamu kwanza. Kanuni ni hii: zidisha namba kwa yenyewe, kisha toa 29/16. Anza na -1/4, unapata -7/4. Rudia, unapata 5/4. Rudia tena, umerudi -1/4. Huo ni mzunguko wa hatua 3, na namba zote ni sehemu za kawaida!

Sasa badilisha hiyo 29/16 utakavyo, mradi ibaki sehemu. Je, mzunguko wa hatua 4 wenye sehemu tupu unawezekana? Mwanahisabati Patrick Morton alithibitisha kwamba hauwezekani. Wa hatua 5 nao ulikataliwa na wanahisabati Flynn, Poonen na Schaefer mwaka 1997. Wa hatua 6 bado unategemea dhana nyingine kubwa ambayo haijathibitishwa. Swali analielewa mwanafunzi wa sekondari, ila jibu linadai jiometri nzito. Mimi hilo hunivutia kuliko yote.

Kuhusu njia, mtazame Joseph Silverman, mtafiti wa fani hii. Alisoma Chuo Kikuu cha Brown, akapata udaktari Harvard mwaka 1982 chini ya John Tate, akianzia kwenye mikunjo ya eliptiki, yaani mistari iliyopinda inayotokana na milinganyo ya kipeo cha tatu. Mwaka 1994, yeye na Morton walitoa dhana pana kuhusu kikomo cha idadi ya namba zinazonaswa kwenye mizunguko ya namna hii. Ni huyohuyo aliyeshiriki kubuni NTRU, mfumo wa usimbaji fiche.

Kwa hiyo anza na aljebra na nadharia ya namba. Dainamiki itakuja juu yake.