Maswali ya Wasomaji: Maji Yanapopenya Chini ya Vigae

SWALI: Ndugu Mhariri, roshani ya nyumba yangu ni ya zege na imewekwa vigae. Dari iliyo chini yake imeanza kutoa madoa ya kahawia na rangi inabanduka. Fundi ananishauri nijaze upya maungo ya vigae kwa saruji. Je, hilo litatosha? Nami niko karibu kujenga roshani nyingine ghorofa ya juu. Nifanye nini ili tatizo hili lisijirudie?

JIBU: Ndugu msomaji, halitatosha. Vigae na saruji ya maungo hupunguza maji lakini haviyazuii. Kinachoyazuia ni tabaka lisilopitisha maji linalowekwa chini yake, na ikiwa tabaka hilo halipo, au liliishia kabla ya kufika ukutani, kujaza maungo kutakupa nafuu ya msimu mmoja tu. Madoa ya kahawia usiyapuuze, kwani huenda nondo zimeanza kuota kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo hulisukuma zege hadi likapasuka na kumeguka. Ukiona nyufa au vipande vinavyodondoka, roshani isitumiwe mpaka mhandisi aikague.

Kwa roshani mpya, anza na mteremko. Sakafu ishuke takriban sentimita 2 kwa kila mita kuelekea nje, na mteremko huo uwe chini ya tabaka la kuzuia maji, si wa kubahatishwa kwa gundi ya vigae, kwa sababu maji yatakayopenya vigae yatatuama juu ya tabaka lililo tambarare. Sakafu iliyokamilika iwe chini kuliko ya chumbani, na tabaka lipande ukutani kiasi cha sentimita 15.

Mlangoni ndipo penye kasoro nyingi, na kwa maoni yangu ndipo unapopaswa kusimama mwenyewe kazi ikifanyika. Mara nyingi fremu hufungwa kwanza, kisha anayeweka tabaka hulikatia kwenye kizingiti na kuziba mwanya kwa silikoni, ambayo baada ya muda huachia. Tabaka linapaswa kupita chini ya fremu kabla haijafungwa, na skrubu za kizingiti zisilitoboe. Nguzo za vyuma vya kingo nazo ni afadhali zifungwe kwenye ubavu wa nje wa zege kuliko kutobolewa juu ya sakafu. Chini ya ukingo wa nje, uchongwe mfuo mwembamba ili maji yadondoke badala ya kutambaa kurudi ukutani.

Kabla ya kigae cha kwanza kuwekwa, ziba tundu la kutolea maji, jaza maji kina cha sentimita chache na uyaache kwa saa 24 hadi 48, huku ukichunguza dari ya chini. Mafundi hulalamika kwamba jaribio hili linachelewesha kazi, waache walalamike.

SWALI: Nina roshani ya mbao iliyoshikizwa kwenye ukuta wa nyumba. Ninataka kuifunika kwa chini ili mihimili isionekane. Kuna ubaya?

JIBU: Upo, ikiwa hutaacha matundu ya hewa na sehemu ya kufungulia kwa ukaguzi. Mnamo Juni 2015, huko Berkeley, California, roshani ya mbao ilivunjika na watu 6 wakafariki. Mihimili yake ilikuwa imeoza kwa unyevu ulionaswa ndani, mahali pasipoonekana.

Kagua hasa boriti iliyofungwa ukutani. Juu yake panapaswa kuwa na bati lililokunjwa, upande mmoja ukiingia nyuma ya umalizio wa ukuta na mwingine ukishuka mbele ya boriti, nayo boriti ishikwe kwa bolti, si kwa misumari pekee. Kama mbao zilitiwa dawa yenye shaba, tumia bolti na skrubu za chuma cha pua au zilizopakwa zinki nene, kwa kuwa dawa hiyo hula chuma cha kawaida. Mbao za sakafuni ziachiane nafasi ya milimita 5 hivi, na takataka zinazonasa humo ziondolewe. Kisha choma boriti kwa ncha ya bisibisi, hasa kwenye miisho na kuzunguka bolti: ikizama kwa urahisi, mbao imeoza, na dawa yake ni kuibadilisha, si kuipaka rangi.