Kabla hujakopa tena kwa ajili ya pampasi za mzazi

Wiki iliyopita dada mmoja wa Tabora aliniandikia. Baba yake amepata kiharusi, haja ndogo inamtoka yenyewe, na kila mwisho wa mwezi dada huyu anakopa ili anunue pampasi. Swali lake lilikuwa fupi: "Dada, hizi nepi za kitambaa za kufua zinafaa kweli, au watu wanajifariji tu?"

Zinafaa, mdogo wangu. Mama yangu anazivaa. Juzi tu alikuwa kwenye sendoff ya mjukuu wake tangu jioni mpaka keki inakatwa, amependeza na sare yake kama mashangazi wengine, na kiti alichoinuka kilikuwa kikavu. Nilikipapasa kwa mkono wangu. Nilijisikia kama mimi ndiye ninayeozesha.

Lakini tumetoka mbali. Mama aliporudi kutoka hospitali, upande wa kulia umepooza, tulikaa kikao cha familia. Kila mtoto akataja atakachokuwa akitoa, na daftari likaandikwa. Mwezi wa kwanza fedha zikaja. Wa pili zikaja nusu. Baada ya hapo simu zikawa hazipokelewi. Sasa fikiria: mtu mzima ambaye mkojo haumzuiliki hubadilishwa mara nne au tano kwa siku. Pakiti ya vipande kumi ni ya siku mbili, kwa hiyo mwezi unataka pakiti kumi na tano. Kwa mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi, hesabu hiyo haikubali.

Na fedha si ndizo zilizoniumiza zaidi. Kuna ndugu alikuja kumjulia mama hali, akasimama mlangoni, hakuingia, akasema kwa sauti, "Humu ndani pananuka." Mama anaongea kwa shida, lakini anasikia kila kitu. Aligeuzia uso ukutani. Nimesamehe, lakini sijasahau.

Aliyenifungua macho ni muuguzi mstaafu wa mtaani kwetu. Aliniambia niachane na nepi moja nene iliyoshonewa kila kitu ndani, nitafute vitu viwili mbalimbali: pedi za kunyonya, kama taulo lililokunjwa, na chupi ya nje isiyopitisha maji. Masika yalipoanza nikamwelewa. Nepi nene inakaa kwenye kamba siku mbili na katikati bado ina unyevu, inaanza kunuka kabla hata haijavaliwa. Taulo lililokunjwa unalikunjua, unalianika lote, linakauka upesi. Halafu chupi ya nje isipochafuka unaifuta, unaipa hewa kidogo, inavaliwa tena na pedi nyingine. Hapo ndipo unafuu ulipo.

Pedi usizinunulie bei kubwa. Nenda kwenye mitumba (mimi naenda soko la Karume, Dar es Salaam, asubuhi belo zikifunguliwa) uchague mataulo ya pamba na mashuka ya flaneli. Usidanganywe na ulaini. Chomoa uzi mmoja, uwashe na kiberiti: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu, polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Polista peke yake hainyonyi, mkojo unatiririka juu yake na kutafuta njia ya kutokea pembeni. Ukifika nyumbani fua mataulo hayo vizuri. Yakiwa mapya dukani ndiyo kabisa, pamba mpya hainyonyi sawasawa mpaka ifuliwe mara kadhaa, kwa hiyo usiihukumu siku ya kwanza.

Fedha uliyookoa hapo iweke kwenye chupi ya nje. Hii usiibanie. Tafuta kitambaa laini chenye utando usiopitisha maji upande mmoja, kile kinachotumika kwenye nepi za watoto za kufua. Mpira mtupu kama ule wa kutandika kitandani unazuia maji, sawa, lakini joto la Dar es Salaam na mpira kwenye mapaja ya mgonjwa ni kumtesa. Kama unashonesha kwa fundi, mwambie asipitishe sindano katikati, ashone kingo tu, kwa sababu kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Pima nyonga na mzunguko wa paja. Lastiki iguse paja pande zote bila kuacha alama nyekundu. Kwa mgonjwa wa kiharusi chagua inayofungukia pembeni. Mama sasa anabandika upande mmoja mwenyewe kwa mkono wa kushoto, anachukua muda wake, na ole wako umsaidie kabla hajaomba.

Namna ya kupanga: mwanaume mkunjo mnene uje mbele, mwanamke uwe katikati, anayelala chali usogee nyuma. Pedi yote iishie ndani ya chupi. Ncha ikichungulia nje hata kidogo, itavuta mkojo mpaka kwenye kanga. Juu ya pedi, panapogusa ngozi, mimi naweka kipande cha blanketi la flisi. Ni polista, ndiyo, lakini kikiwa juu ya pamba kinaachia mkojo upite kwenda chini na chenyewe hakibaki kimelowa sana, ngozi haichubuki. Pia kinasaidia ukipaka mafuta ya mgando, maana mafuta yakiingia kwenye taulo, taulo linaacha kunyonya.

Kama unabadilisha mara tano kwa siku na unafua kila siku, pedi kumi na tano zinatosha: seti moja mwilini, moja kwenye kamba, moja ya akiba ya siku za mvua. Chupi za nje nne au tano. Anza na chache ujue zinavyomkaa, ndipo uongeze.

Kufua kunataka utaratibu kuliko nguvu. Suuza kwa maji baridi mara tu unapomvua, usirundike kwenye ndoo yenye mfuniko mpaka Jumamosi. Sabuni ya unga ya kutosha, kisha suuza mpaka povu liishe. Sabuni ya kulainisha nguo usiiguse, inaziba pamba. Pedi zikianza kunuka hata zikiwa kavu, zichemshe. Chupi za nje usizichemshe wala kuzitia jiki, lastiki na utando vitakufa. Siku ya kuharisha, au safari ndefu ya basi, nunua pampasi bila kujilaumu.

Na wewe kijana wa kiume unayesema kufua nguo za mama ni kazi ya dada zako, nakuambia wazi: alikufua wewe. Jaza beseni. Mzazi haoni aibu kwa sababu amejikojolea, anaona aibu kwa sababu ya nyuso zetu tunapomkuta amejikojolea. Ingia chumbani kwake ukiwa na salamu, kaa kitandani, ndipo uulize kama abadilishwe.

Usimnyime maji ya kunywa ili asilowe. Mkojo mzito unanuka zaidi na unawasha kibofu. Mpeleke chooni kila baada ya saa mbili au tatu hata kama hajaomba. Wagonjwa wengi wa kiharusi hurudisha uwezo kidogo kidogo kwa njia hiyo. Mama usiku bado, lakini mchana kuna pedi nazivua zikiwa kavu kabisa.

Kitambaa kisije kikaficha ugonjwa unaotibika. Mkojo ulioanza kuponyoka ghafla, unaouma, au wa mzee anayekojoa matone huku tumbo la chini limejaa, apimwe: inaweza kuwa maambukizi, sukari au tezi dume. Na mama uliyejifungua kwa uchungu wa muda mrefu, ambaye sasa mkojo unakuchuruzika usiku na mchana, usiniulize habari za taulo kwanza. Hiyo inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Inatibiwa kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wanaitibu bila malipo.