Barua ya Mapendekezo Haiombwi WhatsApp Usiku wa Manane

Juzi binti mmoja kaniandikia. Anaomba shahada ya uzamili Marekani, zimebaki siku tatu dirisha lifungwe, na Prof aliyeombwa barua ya mapendekezo kwa WhatsApp ameuona ujumbe akanyamaza. "Dada, nifanyeje?" Mdogo wangu, tuma fomu yako kwa wakati, kisha uliza ofisi ya udahili kama barua zinaweza kufuata. Baadhi ya vyuo hukubali zichelewe siku chache. Lakini jamani, tusifike huko.

Tangu nipate nafasi na ufadhili kamili naulizwa sana siri yangu. Vyuo vingi vya Marekani hutaka barua tatu, na Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, vilevile, na hapo ndipo watu hukimbilia majina makubwa. Hata mimi nilimwendea profesa aliyeogopwa kitivo kizima, kwa kuwa nilifaulu vizuri somo lake. Nikasubiri koridoni tangu asubuhi. Alipotoka akanitazama mbele ya wenzangu: "Wewe nani? Andika mwenyewe, nitasaini." Mpaka leo inaniuma. Sikurudi.

Nikaenda kwa mhadhiri msaidizi aliyesimamia utafiti wangu wa mwaka wa mwisho. Tulimwita Madam. Hakuwa na uprofesa, lakini alijua kwamba majibu ya madodoso yalipogongana nilirudi Kilosa kwa nauli yangu kuwauliza wakulima upya. Akaliandika hilo. Kwenye mahojiano, profesa aliyenipokea alianza na safari ile ya Kilosa, wala si GPA, yaani wastani wa alama zangu.

Najua wahadhiri wengi husema "andika mwenyewe". Mimi nasema usikubali. Fomu za Marekani hukuuliza kama unaachia haki yako ya kuisoma barua, haki inayotokana na FERPA, sheria ya Marekani ya 1974 kuhusu kumbukumbu za wanafunzi. Wengi huiachia, kwa sababu barua ambayo mwombaji hakuiona huaminiwa zaidi. Sasa utawekaje tiki hapo ilhali barua umeitunga wewe?

Nenda mapema, wiki sita kabla si nyingi. Nenda ana kwa ana, toa shikamoo yako, kisha uliza wazi: "Unaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua yenye nguvu?" Akisitasita, shukuru uondoke. Akikubali, mpe transkripti, wasifu, maelezo ya malengo yako, na orodha ya vyuo na tarehe zake. Mkumbushe pia mliyofanya pamoja, maana ana wanafunzi mamia. Kwenye fomu jaza baruapepe yake ya chuo, na mwombe achungulie folda ya taka, kwani kiungo anachotumiwa cha kupakia barua hupenda kujificha humo. Wiki moja kabla, mkumbushe kwa adabu. Na usimpelekee kitenge wala mchele kabla hajaandika. Hiyo inanuka rushwa.

Matokeo yakitoka, mwambie, hata kama umekosa. Baada ya mama, mtu wa kwanza niliyempigia ni Madam. Wengi wakishapata viza hawaonekani tena, halafu wanashangaa kwa nini wahadhiri wamechoka kuwaandikia wadogo zetu. Mtu ametumia jioni zake bila malipo kukutetea kwa watu asiowajua, na wewe unashindwa kumpigia simu? Ukitaka uzamivu utamrudia huyohuyo, na fomu itamuuliza amekufahamu kwa muda gani.