Mtoa mada, vilele viwili vya spektra si mgongano!

Futa hiyo sentensi ya "nimegundua mawingu mawili ya gesi yanagongana" kabla msimamizi wako hajaiona. Umeuliza programu gani inafaa kuchorea na namna ya kukokotoa masi ya mawingu. Hayo yatasubiri, kwanza hili.

Una data ya kaboni monoksaidi ya kitovu cha galaksi yetu, kwenye spektra (mchoro wa nguvu ya mawimbi ya gesi kwa kila kasi) umeona kilele kwenye kilometa 20 kwa sekunde na kingine kwenye 80, basi ukatangaza ajali. Mimi niliandika sura nzima ya tasnifu hivyo hivyo. Mtahini akauliza: "Umejuaje kwamba mawingu yapo umbali mmoja?" Sura ikaenda na maji. (Shahada ninayo, msinicheke sana.)

KASI SI MAHALI. Dopla, yaani mawimbi kubadilika kwa sababu ya mwendo, inakuambia gesi inatujia au inatukimbia, basi. Kitovu kiko miakanuru kama 26,000 kutoka hapa, nasi tunakichungulia tukiwa ndani ya sahani ya galaksi yenyewe, kwa hiyo gesi ya mbele, ya katikati na ya nyuma zote zinaangukia spektra moja. Ni kama kuona taa mbili usiku kwenye barabara iliyonyooka ukaapa kwamba magari yamevaana.

Chukua Mkono wa Kiloparseki 3, mkanda mrefu wa gesi ulio upande wetu wa kitovu. Ukielekeza darubini kitovuni kabisa, utaukuta unatujia kwa kilometa 53 hivi kwa sekunde. Mwaka 2008 wanaastronomia Dame na Thaddeus wakampata pacha wake, anakwenda mbali nasi kwa 56. Kwa hesabu yako hao wanagongana kwa 109! Mmoja yuko upande huu wa kitovu, mwingine upande wa pili, kati yao maelfu ya miakanuru. Hata Oort, mwanaastronomia mkubwa, alidhani gesi ile ilirushwa na mlipuko. Leo tunajua ni ufito wa nyota, yaani mkusanyiko wao mrefu kama fimbo, ulioko katikati: unailazimisha gesi kuzunguka kwenye njia zilizorefuka, ndiyo maana inakimbia kuja na kwenda bila kugonga kitu.

Aliyeniponza ni mkufunzi wa warsha, slaidi za rangi tele, "vilele viwili, mgongano tayari". Umbali hakuugusa. Akala posho, akagawa vyeti, huyoo.

Hasegawa na wenzake, 1994, walipodai mgongano kule Sagittarius B2, wingu kubwa la gesi karibu na kitovu, walionyesha tundu kwenye gesi ya kasi moja na bonge la gesi ya kasi nyingine linalolingana nalo. Na bado wapo wanaowabishia. Usinijie na silikoni monoksaidi pia: molekuli hiyo ni alama ya mshtuko wa gesi, sawa, ila kitovuni imetapakaa kila kona, peke yake haithibitishi kitu.

Weka hapa mchoro wako wa longitudo na kasi, unaoonyesha kasi ya gesi kwa kila mahali angani. Tuone kati ya 20 na 80 kuna gesi inayounganisha, dalili kwamba yanagusana, au ni patupu.