Je, Mungu anamkumbuka mtu asiyejulikana?

Dada, umeuliza kama Mungu anamkumbuka mtu anayepanga viti kanisani Kayole kila Jumamosi na hakuna anayemjua jina. Anamkumbuka! Soma Yeremia 38. Ebedmeleki, Mkushi (mtu wa nchi ya Kushi, kusini mwa Misri) aliyetumika katika jumba la Sedekia, mfalme wa Yuda, alimtoa nabii Yeremia kwenye shimo la matope. Tazama alivyofanya: alitafuta kwanza matambara makuukuu, akamwambia Yeremia ayaweke kwapani ili kamba zisimchubue. Jamani, nani angewaza makwapa ya mfungwa saa ile? Hapo huwa natulia kabisa. Kisha sura ya 39, mji wa Yerusalemu ukikaribia kuanguka, Mungu anamtumia Ebedmeleki ujumbe wake mwenyewe, kwa jina: nitakuokoa, kwa sababu ulinitumaini. Na aliyetumwa kumpelekea ni Yeremia, angali kifungoni kwa walinzi.